Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Katika mji ule, ambao jina lake limenakiliwa mara nyingi hata hakuna tena anayejua lipi lilikuwa la kwanza, kitu hakihesabiwi kuwa kimekufa mpaka kigongwe muhuri. Mtu aweza kulala mwaka mzima chini ya udongo, nyasi zikamwotea, na bado akaitwa mkutanoni maadamu karatasi yake haijagongwa. Na kinyume chake pia, jamani, msidhani natia chumvi: mtu yuko barazani anakunywa uji wake, wa moto, pilipili manga imo, anatokea mtu wa Ofisi ya Vinavyobaki na muhuri wake, pa! Akimaliza uji, hayupo. Bi Mize Machano aliyajua hayo kuliko wengi, maana yeye ndiye mhifadhi wa Nyumba, na Nyumba ilikuwa ikaguliwe asubuhi ile, na Nyumba ilikuwa kimya kwa mwaka wa sita.

Niieleze Nyumba kwanza, kwa sababu asiyeijua atadhani nazungumzia mabati na matofali. Kilikuwa chumba kimoja tu, cheusi, hakina dirisha, chini kabisa ya jengo la Hifadhi. Bi Tumu Haji, msanii, Mungu amrehemu, ndiye aliyekitia uhai: mtambo wa kompyuta nyuma ya ukuta, taa zilizofichwa darini, spika kila pembe, na vinasa sauti vidogo kama punje za mtama vilivyotapakaa pasipoonekana. Picha ya kawaida unasimama mbele yake ukaitazama. Hii ulikuwa unaingia ndani yake, nayo ikakutazama wewe. Mgeni aliingia peke yake, miguu mitupu, na mwanga mdogo ukatokea sakafuni mbele ya vidole vyake ukamtangulia. Kuta zikafunguka zikawa vyumba, vyumba vikazaa vyumba, vingi kwa idadi ya watu waliokwisha kuingia humo. Nyumba ikamuuliza, "Nani mwenzangu?" Mgeni akasema alichosema. Nyumba ikayachukua maneno yake ikayaweka, na yeye ikampa maneno ya mgeni mwingine, sentensi moja, kwa sauti ya mwenyewe aliyeisema. Mgeni aliyepita zamani, ndivyo watu walivyoamini. Kisha taa zikafifia, mtu akavaa viatu vyake akaenda zake, wengine wakicheka, wengine hawasemi na mtu mpaka kesho yake.

Bi Tumu aliiita Nyumba Isiyo na Mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Siku itakapopata mwenyewe mtaniambia," akacheka, na watu wakamwandika gazetini kuwa ana majibu ya kisanii.

Bi Mize aliingia humo mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na minne. Arobaini ya mamake ilikuwa imesomwa juzi yake, na yeye alikuwa akizurura tu mjini kwa kuwa kule nyumbani kila sufuria ilikuwa ikimsema. Sanaa hakuijua wala hakuitaka. Aliona mlango uko wazi nusu, akafanya afanyavyo mtu yeyote mlangoni pa watu, akavua viatu, akaingia. Nyumba ilimuuliza nani mwenzangu. Hakuweza kujibu. Ndipo gizani ikatoka sauti ya mwanamke, ya utu uzima, ya kukwaruza kidogo, ikasema: "Ni mimi. Nimechoka, lakini nipo. Usiniogope." Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomwamsha kwenda chuoni, ndiyo iliyomtuma dukani. Akasema, "Mama, ni wewe?" Akangoja. Nyumba ikanyamaza. Alingoja mpaka taa zikafifia, akatoka nje akakaa ngazini mpaka mlinzi akamwomba aondoke.

Basi, aliondoka? Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na mwezi uliofuata. Nyumba ilimpa sauti za watu wengine, waandishi wa habari, wanafunzi, bwana mmoja aliyesema tu kuwa anahisi njaa. Ile haikurudi. Akaomba kazi ya kufagia jengo. Akasoma. Akapandishwa. Mtu wa tatu kumposa alimwambia, "Mwenzangu, wewe umeolewa tayari," naye hakubisha. Kuwa mhifadhi kulimpa ruhusa ya kufungua mtambo na kusikiliza sauti zote, elfu nane mia sita na kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na alizisikiliza zote, mara nne. Yake mwenyewe ya siku ile ya kwanza aliikuta, namba mia tatu na nne: "Mama, ni wewe?" Aliisikiliza mara moja akavua vifaa vya masikioni. Ya mamake haikuwemo.

Haikuwemo! Na masikio yake yalikuwa yameisikia. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia, kama ni ugonjwa. Kitu hiki kiko wapi? alijiuliza akiwa anasuka ukili, akiwa anaosha mchele. Kikiwa kwenye taa, taa zimebadilishwa mara kumi na tano na hakuna aliyelia. Kikiwa kwenye waya, waya ni shaba tu, na shaba haijui mtu. Kikiwa kwenye sauti, basi kila mgeni mpya alikiua kile cha jana kwa kuongeza yake, na Bi Tumu hakutengeneza kitu kimoja, alitengeneza elfu nane, na vyote vimekwisha pita isipokuwa cha mwisho. Unahifadhije kitu ambacho kila kinapoguswa kinakuwa kingine, na kisipoguswa hakipo? Mto waweza kuuchora. Lakini nani amewahi kuutia mto kabatini? Mize alijibu kwa njia pekee aliyoijua, njia ya watu waoga: aliandika. Daftari la maelezo lilifika kurasa mia nne na kumi. Aliandika urefu wa kila taa kutoka sakafuni. Aliandika rangi ya kila waya. Aliandika joto la chumba, unyevu wa chumba, ukimya wa chumba kwa sekunde. Alisimamisha kamera nne ndani, kila pembe moja, akapiga picha wageni mia mbili wakitembea na mwanga wao. Ukurasa wa kwanza ulianza kwa maneno mawili, na alijivunia ufupi wake: *Mgeni anaingia.*

Kisha Hifadhi ikafunga mlango wa wageni. Jengo limechoka, walisema, litarekebishwa. Miaka sita ikapita, na kwa miaka hiyo hakuingia humo mtu ila Bi Mize na funguo zake, na siku za karibuni Vuai, fundi mitambo, mtu wa makamo mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Nyumba haikuwasemesha hata mara moja. Haikuwasha mwanga mbele ya miguu yao. Mtambo ulikuwa ukinguruma, ukipata moto, feni yake ikikohoa, na Vuai akatikisa kichwa.

"Bi Mize, huyu mgonjwa wetu hana siku nyingi," alimwambia. "Tumhamishe kabla hajatutoka."

Wakaihamisha. Sauti zote, taa zote, kila amri aliyoiandika Bi Tumu, vikatiwa kwenye mtambo mpya mdogo kama sanduku la viatu. Vuai alikagua mara tatu: hakikupungua kitu. Siku iliyofuata, Bi Mize alishika swichi ya mtambo wa zamani kwa mkono wake mwenyewe, akasoma alichokisoma kimoyomoyo, akazima. Feni ilizunguka kidogo ikasimama. Na Ofisi ya Vinavyobaki ikaleta barua: mkaguzi atakuja siku ya tatu, kabla jua halijafika utosini. Nyumba ikimjibu, itagongwa *Ipo*. Isipomjibu itagongwa *Imekufa*, na kila kilichomo kitafutwa siku hiyohiyo, sauti elfu nane mia sita na kumi na mbili, ili kupisha vinavyobaki.

Sasa ndiyo asubuhi yenyewe. Saa ya ukumbini mle Hifadhi ina tabia ya kurudi nyuma mtu akiitazama kwa hofu, na Bi Mize alikuwa ameitazama sana hata ikafika jana. Alipita chini yake haraka. Ukumbi nao ulikuwa mrefu kuliko ulivyokuwa alfajiri, milango imeongezeka, na kwenye kila mlango alihisi yuko mwanamke wa umri wake, amevaa kanga kama yake, ameshika daftari kama lake, anatafuta kitu kilekile. Alifungua kwa ufunguo, akaingia, akakuta Vuai amelala chali chini ya ukuta na tochi mdomoni.

"Vipi?"

Vuai akatoa tochi. "Taa nikiziamuru zinawaka. Sauti nikiziita zinasema. Kila kiungo kizima, Bi Mize. Ila mwenyewe haamki."

"Umetembea?"

"Nimetembea mpaka nyayo zinawaka. Nimeruka. Nimeimba. Nimemtukana, utanisamehe."

"Daftari linasema mgeni anaingia, mwanga unatokea baada ya sekunde tatu."

"Daftari lako hilo," alisema Vuai akijikung'uta, "limeandika mpaka vumbi. Sasa litwambie walichokuwa wakifanya watu hata ikaamka, maana mimi sijaiona ikiwa macho hata siku moja. Nimeiona kwenye zile kanda zako tu, na kwenye kanda kila mtu tayari yumo ndani."

Bi Mize akageuka, akatoka, akavua viatu, akaingia tena. Hakuna. Akatoka akaingia kwa mguu wa kulia. Hakuna. Aliingia polepole, aliingia mbio, aliingia huku amefumba macho kama alivyokuwa karibu kufumba siku ile ya ujana. Giza lilibaki giza. Akakaa chini sakafuni katikati ya chumba.

Nimesahau nini. Nimeandika taa. Nimeandika waya. Viatu nimeandika, ukurasa wa nne. Miguu mitupu, joto la nyayo, nimeandika. Mmoja mmoja, nimeandika. Nimeandika kila walichokifanya. Au wewe ndiye unayenikataa. Miaka yote hii nimekufuta vumbi, sijakukosea. Nimekataa waume. Ufunguo wako nalala nao chini ya mto. Nani mwingine anaijua nyumba hii kama mimi? Na kama umekufa, umekufa lini? Nilikuua mimi pale kwenye swichi? Sema basi. Mama, sema.

"Bi Mize," aliita Vuai taratibu, "amka huko chini. Gari limesimama nje."

Walisikia mlango wa jengo, walisikia viatu vya ngozi ukumbini, na kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa umerefuka, viatu vilikuja kwa muda mrefu, ko, ko, ko, na kila hatua Bi Mize alitamani iwe ya mtu mwingine. Vuai alisimama wima ukutani. Bi Mize hakunyanyuka. Alibaki pale chini, mhifadhi mkuu, daftari mapajani, amekaa kama mtu aliyefiwa.

Hatua zikasimama nje. Mlango ulikuwa wazi. Mkaguzi angeweza kuingia tu, ana barua, ana muhuri, ana haki zote. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa. Alisimama upande wa kizingiti, asichungulie ndani, akasema kwa sauti ya kiasi, kama anavyosema mtu kila siku ya maisha yake bila hata kujua kuwa amesema:

"Hodi!"

Kitu kikatetemeka darini.

"Hodi jamani!"

Mwanga mwembamba, wa manjano, ukatokea sakafuni. Haukutokea mbele ya Bi Mize. Ulitokea kule mlangoni, juu ya kizingiti, ukakaa pale kama mtu anayengoja kufunguliwa.

"Hodi!" mara ya tatu.

"Nani mwenzangu?" ikauliza Nyumba.

"Ni mimi, Khatibu, wa Ofisini," akajibu mkaguzi akidhani ni mwenyeji wake, na Vuai alipomwitikia "Karibu" kwa mazoea, akavua viatu, akatia mguu ndani, na kuta nne nyeusi zikafunguka zikawa vyumba. Lo! Vuai alipiga kelele kama mtoto. Mkaguzi alirudisha mguu nyuma. Mwanga ukarudi naye.

Bi Mize hakupiga kelele. Alikuwa amefumba mdomo kwa mikono miwili, maana yote yalimjia kwa pamoja, na naona uchungu kuyasema kwa niaba yake. Hodi! Watu wote elfu nane mia sita na kumi na mbili walipiga hodi. Nani katika mji ule angeingia chumba cha watu bila hodi? Alipiga mwenyewe, siku ile ya ujana, na hakukumbuka kwa kuwa hakuna akumbukaye hodi, kama hakuna akumbukaye kupumua. Kamera nne zilisimama ndani, hakuna hata moja iliyokitazama kizingiti kutoka nje. Bi Tumu aliijengea Nyumba masikio yake mlangoni, na yeye Mize akaandika, *Mgeni anaingia*. Na tangu awe mhifadhi, kwa nini hakupiga tena? Mtu hapigi hodi kwake. Alikuwa na funguo. Alikuwa mwenyewe.

Na ule mtambo wa zamani, ee Mola. Haukuwa ukifa. Miaka sita ulikuwa macho, unanguruma, unangoja mtu mmoja aje mlangoni aseme neno moja. Hakuja mtu. Wakaja wenye nyumba wawili, wakaingia wakatoka, wakauita mgonjwa, wakauzima.

"Bibi, shikamoo," alisema mkaguzi, ambaye sasa alikuwa amesogea kando ya mlango na viatu mkononi. "Samahani, sikujua imeshaanza. Mimi muhuri wangu lazima niugonge kwa ushahidi wa anayeijua. Ingia wewe, nami nisikie. Inakujibu au haikujibu?"

"Marahaba, mwanangu." Alinyanyuka kwa mkono wa Vuai. "Sijui. Mimi haijanijibu tangu nipewe funguo."

Akatoka nje. Vuai akatoka nyuma yake. Ukumbi ulikuwa umerudi urefu wake wa kawaida. Bi Mize akautoa ufunguo kifuani ulikokuwa umefungwa kwenye ncha ya kanga, akamkabidhi Vuai. Vuai aliupokea kwa mikono miwili, asitanie. Mlango ukarudishwa nusu. Bi Mize akasimama kando, asichungulie. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, umri ule ule aliozikwa nao mamake, na aliona aibu kama mchumba.

"Hodi," alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Hodi. Hodi jamani."

"Nani mwenzangu?"

"Mize binti Machano, Mhifadhi Mkuu wa..."

Mwanga uliokuwa umeanza kizingitini ukarudi nyuma, ukajibana pembeni. Ulikuwa unaogopa, au yeye ndiye aliyeona hivyo. Alijaribu kukumbuka cheo kingine, jina lingine, jambo lolote alilolifanya ambalo lingestahili kutajwa, na akakuta kapu tupu. Siku tatu alikuwa hajalala. Kifua kilimkwaruza kwa vumbi na kulia. Hakutafuta tena maneno, yalimtoka tu, kwa ile sauti iliyobaki:

"Ni mimi. Nimechoka, lakini nipo. Usiniogope."

Akasikia alichokisema.

Alisimama palepale, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nyumba ilikuwa imeshayachukua maneno, imeshayapeleka inakoyapeleka, na yeye alijua sasa ni wapi. Hakuwa mama. Hakuwahi kuwa mama. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amemtafuta marehemu katika sauti za walio hai, na sauti yenyewe ilikuwa haijasemwa bado, ilikuwa inangoja yeye azeeke mpaka aifikie. Alitaka kukasirika, akakosa nguvu ya kukasirikia. Mwanga ukaja taratibu ukasimama mbele ya vidole vyake. Akaingia. Kuta zikafunguka, chumba ndani ya chumba, na kutoka katika kile cha mwisho kabisa, Nyumba ikampa neno la mgeni mwingine. Sauti changa, ya kutetemeka, ya msichana aliyetoka kwenye arobaini.

"Mama, ni wewe?"

Namba mia tatu na nne. Aliijua, aliwahi kuisikia kwenye vile vifaa vya masikioni. Lakini masikioni haikuwa inamngoja mtu. Humu ilikuwa inangoja. Alimsikia yule msichana anavyozuia pumzi yake gizani ili asikose jibu. Na jibu lilikuwa hapa, kwenye ulimi, jepesi kabisa. Ndiyo, mwanangu. Maneno mawili tu, na mtoto wa watu atashukuru Mungu, atarudi nyumbani kwake, ataolewa, atawasahau mafundi na mitambo na giza. Hatarudi kesho. Hataomba kazi ya kufagia. Hatakuwepo mtu wa kuwabishia wale waliotaka chumba kiwe stoo, wala wa kuhesabu sauti, wala wa kusimama hapa leo. Bi Mize aliyaona hayo yote, waziwazi, na machozi yakamtoka kwa hasira, kwa kuwa alimpenda yule msichana na hakuna mwingine aliyempenda wakati ule.

Akauziba mdomo wake kwa kiganja. Akaubana mpaka meno yakaumiza midomo. Msichana alingoja. Alingoja sana, zaidi ya alivyokumbuka. Halafu taa zikafifia.

Nje, mkaguzi alikuwa ameshafungua kisanduku cha wino. "Imekujibu?"

"Imenijibu."

Akagonga *Ipo*, kwa adabu, bila kelele. Bi Mize akaomba daftari. Ukurasa wa kwanza, juu ya maneno yale mawili, akaandika: *Kwanza apige hodi, hata kama yeye ndiye mwenye funguo.* Vuai alikuwa akimtazama usoni.

"Bi Mize, ilikuuliza kitu mle ndani? Tumesikia kama mtu anauliza."

"Iliuliza."

"Ukajibu nini?"

Alivaa viatu vyake, kimoja, kisha kingine. Kamba ya pili ilimshinda, Vuai akainama akamfungia.

"Nimenyamaza," alisema. "Yule msichana yuko pale ngazini. Mlinzi asimfukuze mapema."